Nilisema nimechoka kuishi, chuo kikanifungia mlango

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Kitanzania, mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo kimoja cha serikali huku Marekani. Chuo sikitaji, na jina langu naomba ulihifadhi. Nyumbani ni Muheza. Nilipata ufadhili wa nusu ya ada. Nusu nyingine baba ameihangaikia mpaka akauza kiwanja cha mjini. Hilo ndilo linalonikaba kila nikifikiria kurudi.

Tangu Novemba sijawa sawa. Ilianza kwa kukosa usingizi, nikadhani ni baridi na giza la huku, maana kuna siku jua linazama saa kumi na nusu. Baadaye nikaacha vipindi vya asubuhi, kisha na vya mchana. Nikiwa na wenzangu nacheka kama kawaida, nikirudi chumbani nalala na viatu. Mwezi wa pili, usiku mmoja, nilimgongea mlezi wa bweni letu, ambaye naye ni mwanafunzi tu wa mwaka wa nne, nikamwambia nimechoka kuishi na siku hizi nawaza kufa. Sikuwa nimefanya chochote. Nilitaka mtu ajue.

Haikupita nusu saa, polisi wa chuo wakafika. Walinifunga pingu mbele ya vijana wa korido nzima, wakisema ndio utaratibu wao wa kumsafirisha mgonjwa. Nililazwa siku chache, nikaanzishiwa dawa, na daktari akaandika kwamba naweza kurudi masomoni nikiendelea na matibabu. Kufika bwenini, kadi yangu haifungui mlango.

Nilikuta barua pepe. Inasema kamati imeona mimi ni hatari kwangu mwenyewe na kwa jamii ya chuo, kwa hiyo nisilale bwenini wala nisiingie darasani mpaka kikao cha wiki ijayo. Wameambatanisha fomu mbili: moja ya kuomba kwa hiari likizo ya matibabu ya mwaka mzima, nyingine ya kuwaruhusu kuona taarifa zangu zote za hospitali. Afisa aliyenipigia simu alisema nikisaini rekodi yangu itabaki safi, nisiposaini wataniondoa wao wenyewe. Sasa hivi nalala kwenye kochi la Mkenya mmoja anayesoma shahada ya uzamili, Mungu ambariki.

Visa yangu ni F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni. Wazazi hawajui lolote. Mama nikimwambia atasema nimerogwa. Baba sijui atasema nini.

Je, chuo kina haki ya kunifanyia hivi? Nisaini? Nyumbani niseme nini? Na linaloniumiza zaidi: si bora ningenyamaza?

Mwanafunzi wa Muheza


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuniamini na jambo zito namna hii.

Maswali yako yote manne nitayajibu. Ila kabla ya kamati na visa, nakuuliza wewe: leo upoje? Kama yale mawazo yamerudi, au yanakujia usiku ukiwa peke yako kwenye hilo kochi, usingoje kikao, wala usingoje kumaliza kusoma ninayokuandikia. Mwamshe huyo ndugu wa Kikenya. Piga 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, au tuma ujumbe kwenye namba hiyo hiyo. Ni bure, usiku na mchana, inafanya kazi Marekani nzima tangu Julai 2022, na haiko kwa ajili ya raia peke yao. Hatari ikiwa ya papo hapo, ni 911 au chumba cha dharura cha hospitali. Najua zile pingu zimekuachia woga wa kumwita mtu tena. Ujue basi kwamba simu nyingi sana za 988 huishia kwenye mazungumzo na mshauri, bila polisi kuitwa.

Na dawa usiziache kwa hasira, wala kwa kuona hazifanyi kazi. Nyingi za dawa za sonona (depression) huchukua wiki nne mpaka sita hivi ndipo mtu aone unafuu. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 wiki za mwanzo zinataka uangalizi wa karibu, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka. Huko Marekani onyo hilo limeandikwa kwenye maelezo ya dawa zenyewe. Kwa hiyo unatakiwa uwe na tarehe ya kuonana na daktari. Kama hospitali imekuruhusu bila kukupa tarehe, piga simu kesho uidai. Hilo lina haraka kuliko kikao.

Sasa nianze na swali lako la mwisho. Hapana, mwanangu, si bora ungenyamaza. Ulikuwa umelala na viatu, unawaza kufa, ukainuka ukaenda kugonga mlango wa mtu. Umefanya jambo sahihi kuliko yote uliyonisimulia. Kilichofuata ni cha chuo, na usiyachanganye hayo mawili, kwa sababu ukiyachanganya utajifunza kuficha, na ugonjwa huu unapenda sana watu wanaoficha.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na siifichi. Chuo kinapomfungia mlango aliyesema, kinawafundisha wote wasiseme. Kwenye korido ile uliyopitishwa na pingu, pengine yupo kijana mwingine mwenye mawazo kama yako. Usiku ule amejifunza nini? Kaskazini mwa jimbo la Michigan, chuo cha Northern Michigan kiliwahi kuwazuia wanafunzi hata kuwaambia wenzao kwamba wanawaza kujiua, wakitishiwa adhabu. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia, na mwaka 2018 chuo kikakubali kubadili utaratibu huo na kulipa dola 173,500 kwa wanafunzi wanne. Waliokuwa wakiadhibiwa ni watu waliomtafuta rafiki wa kuongea naye.

Huyo mlezi wa bweni usimwekee kinyongo. Kwa kawaida kazi yake inamlazimu kuripoti, na mwanafunzi wa mwaka wa nne hana namna ya kupima ukubwa wa hatari saa tano usiku. Kwa siku zijazo jua tofauti: mlezi wa bweni, mwalimu na afisa wa ofisi ya wanafunzi si watu wa kutunza siri ya namna hii. Mshauri nasaha wa kliniki ya chuo, daktari, na kiongozi wa dini anayekusikiliza kama kiongozi wa dini, hao wanabanwa na siri, na huitoa pale tu wanapoona uhai uko hatarini.

Je, chuo kina haki? Kukuuliza hali yako, kukupeleka hospitali, kutaka uhakika kwamba una daktari: hayo wanaruhusiwa, na mimi ningewalaumu kama wasingefanya. Lakini kukufungia bweni na darasa kwa barua ya jumla, baada ya daktari kuandika kwamba unaweza kurudi, hapo wameingia mahali ambapo sheria inawabana.

Sheria zenyewe ni mbili, zishike vizuri. Ya kwanza ni ya mwaka 1973, kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji, inayogusa kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu. Ya pili ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990, iliyopanuliwa mwaka 2008. Sonona inayokuzuia kulala, kula na kusoma inaingia humo. Hazibagui uraia, mwenye F-1 analindwa kama mzaliwa wa pale.

Kwa vyuo vya serikali kama chako kuna na kanuni iliyoanza kutumika Machi 2011. Inasema chuo kikitaka kumwita mtu hatari ni lazima kimtazame yeye binafsi, kwa ujuzi wa kitabibu wa sasa na ushahidi unaoonekana: hatari ni ya aina gani, kubwa kiasi gani, ya muda gani, ina uwezekano gani wa kutokea kweli, na kama kuna marekebisho yanayoweza kuipunguza. Tena kanuni hiyo inazungumzia hatari kwa watu wengine. Barua yako imetaja jamii ya chuo. Umemtishia nani? Kwa uliyonisimulia, hakuna. Basi hilo ndilo swali lako la kwanza kikaoni, kwa sauti ya upole: nionyesheni ni lini na kwa nani. Upande wa hatari kwa nafsi yako wanasheria bado wanavutana, na vyuo vinautumia mwanya huo. Hata hivyo, wanaotakiwa kukupima wakupime wewe na maneno ya daktari wako, si jina la ugonjwa.

Kisa chako kina ndugu zake. Mwaka 2004, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha George Washington, aliyekuwa na sonona baada ya rafiki yake kujiua, alikwenda mwenyewe hospitali kuomba msaada. Akiwa bado anatibiwa, barua za chuo zikamfikia: haruhusiwi kurudi bwenini, na kwamba amevunja kanuni za nidhamu kwa mwenendo wa kuhatarisha. Kwenda hospitali kumegeuzwa kosa la nidhamu! Aliacha chuo, akakishtaki mwaka 2005, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 2004, mwanafunzi wa Hunter College, New York, alitoka hospitali akakuta kitasa cha chumba chake kimebadilishwa. Miaka miwili baadaye chuo kilimlipa dola 65,000 na kuachana na utaratibu huo.

Ungedhani baada ya hapo wangejifunza. Lakini Agosti 2021 Brown, chuo tajiri na chenye jina, kilikubali kutenga dola 684,000 kwa wanafunzi waliokuwa wamekwenda likizo ya matibabu ya akili kati ya 2012 na 2017 kisha wakakataliwa kurudi ingawa madaktari wao walisema wako tayari. Kumbuka hiki ukiitazama ile fomu ya likizo: mlango wa kutokea na mlango wa kurudia si mmoja.

Nakutajia na Stanford kwa sababu makubaliano yake yanakupa maneno ya kutumia. Wanafunzi walikishtaki chuo hicho mwaka 2018, na Oktoba 2019 wakafikia mapatano: kumwondoa mwanafunzi bila hiari yake liwe jambo la mwisho kabisa, baada ya kujaribu marekebisho mengine; kila mmoja atazamwe kwa hali yake; na maoni ya daktari wake yapewe uzito. Chuo chako hakifungwi na mapatano ya Stanford. Lakini unaweza kuwauliza kwa nini wao wasiweze.

Nisiwaonee pia. Woga wao una chanzo. Aprili 2007, pale Virginia Tech, mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 kabla ya kujiua, na ikaonekana baadaye kwamba watu kadhaa walikuwa na wasiwasi naye, kila mmoja kivyake, bila taarifa kukutana mahali pamoja. Kamati za aina ya hiyo iliyokuandikia zilienea sana baada ya siku ile. Halafu kuna kesi za wazazi. Baada ya mwanafunzi wa chuo cha MIT, huko Massachusetts, kufariki mwaka 2000, wazazi wake waliwashtaki maofisa wa chuo, na wanasheria wa vyuo nchi nzima wakaanza kuhesabu gharama. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Massachusetts, katika kesi nyingine ya MIT, ilisema chuo kina wajibu wa kuchukua hatua pale kinapojua mwanafunzi alijaribu kujiua au ametamka kwamba ana nia hiyo, na kwamba wajibu wenyewe una mipaka: fuata utaratibu wako wa kuzuia kujiua, na kama hauna, mpeleke kwa madaktari, na akikataa mjulishe mtu wake wa karibu. Haikusema mfukuze. Kamati nyingi zimeichukua hofu ya Virginia Tech na kumtwika mtu ambaye hajamgusa mwenzake, na hapo wanachanganya aliyekata tamaa na mwenye nia ya kuua. Ni watu wawili tofauti.

Fomu usizisaini leo. Likizo ya hiari inayosainiwa chini ya kitisho, ukishaisaini, ni vigumu sana kuja kusema baadaye kwamba uliondolewa. Mwandikie yule afisa barua pepe fupi, ya adabu, urudie alichokwambia kwenye simu: kwamba ukisaini rekodi inabaki safi na usiposaini utaondolewa. Muulize kama umemwelewa sawasawa. Ama atathibitisha, ama atarekebisha, na vyovyote vile utakuwa na maandishi.

Fomu ya taarifa zote za hospitali isaini kwa kipimo, au usiisaini. Hawana haja ya kujua ulichomwambia daktari kuhusu utoto wako au familia yako. Mwombe daktari aliyekulaza, au anayekuona sasa, aandike barua moja: hali yako leo, matibabu unayoendelea nayo, na kwamba kwa maoni yake unaweza kuishi bwenini na kusoma, na marekebisho gani yatakusaidia. Hiyo inatosha kwa kikao.

Nenda pia kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu, ukajiandikishe. Usilikwepe jina lake. Hapo ndipo unapopata haki ya kuomba vipindi vichache, muda zaidi wa kukabidhi kazi, udhuru wa siku ulizolazwa, hata kuhamia bweni lingine kama lile limekuwa na macho mengi. Ukifika kikaoni na maombi hayo yameshaandikwa, kamati inakuwa na kitu cha kuchagua zaidi ya kukufukuza.

Visa. Hapa soma taratibu, kwa sababu kosa la hapa halirekebishiki kwa kuomba radhi. Mwenye F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na mzigo kamili, yaani krediti 12 kwa muhula. Lakini kanuni za uhamiaji zinaruhusu mgonjwa kusoma chini ya hapo, hata kutosoma kabisa kwa muda, akabaki ndani ya nchi kihalali, mradi jumla isizidi miezi 12 katika ngazi moja ya masomo. Masharti ni mawili. La kwanza, afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni aidhinishe kwenye mfumo wa uhamiaji kabla hujaacha kipindi hata kimoja. La pili, barua itoke kwa daktari wa tiba aliyesajiliwa au mwanasaikolojia wa kliniki aliyesajiliwa. Washauri wengi wa kliniki za vyuo kitaaluma ni maofisa ustawi wa jamii. Wanaweza kukusaidia sana kwa maongezi, lakini barua yao kwa hili haitoshi. Waulize mapema.

Ukiondoka kwa njia nyingine, ile ya kujitoa kwa idhini, unapewa siku 15 uwe umetoka Marekani, na ukikaa nje zaidi ya miezi mitano kwa kawaida unahitaji I-20 mpya, ile hati ya chuo inayobeba visa yako, kabla ya kurudi. Likizo ya mwaka mzima maana yake ni hiyo. Aliyekutumia fomu pengine hata hakukumbuka kwamba wewe si mtu wa kurudi kwa wazazi kwa gari la saa mbili. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote pale chuoni, mwone afisa wa wanafunzi wa kigeni, na mwombe awasiliane na kamati.

Kikaoni usiende peke yako. Chuo cha serikali kinabanwa na Katiba ya Marekani: hakiwezi kukusimamisha bila kukuambia kwa sababu gani na bila kukupa nafasi ya kusikilizwa. Omba kabla ya siku yenyewe nakala ya sera wanayoitumia, na ushahidi walionao. Kila jimbo lina shirika linalowatetea watu wenye ulemavu kisheria bila malipo, linalogharimiwa na serikali kuu. Tafuta la jimbo lako, piga leo. Bazelon Center, kituo cha kisheria cha Washington, ndiyo iliyosimama na yule kijana wa George Washington, na ina maandiko mazuri juu ya haki za wanafunzi wenye sonona. Kikao kikienda vibaya, una rufaa ndani ya chuo, na una siku 180 tangu tendo lenyewe kulalamika kwenye Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu. Ofisi hiyo ilipunguzwa sana Machi 2025, matawi saba kati ya 12 yakafungwa, kwa hiyo lalamika lakini usikae ukiisubiri iwe mkombozi wako.

Nikishasema yote hayo, kuna jambo nataka ulipime na daktari wako ukiwa umetulia. Inawezekana unahitaji kupumzika kweli. Hujawa sawa tangu Novemba, na vipindi vingi umekosa. Kupigania haki ya kubaki kisha ukabaki na kufeli kila somo huku ukizidi kuumwa, hilo nisingependa. Hata likizo si aibu. Ninachokipinga ni kusukumwa. Ukiamua kuichukua, iwe kwa maandishi: utarudi lini, kwa masharti yapi, masomo ya muhula huu yataandikwaje, ada kiasi gani inarudishwa, na bima ya afya inaendelea au inakatika. Bima hasa. Ni ukatili kumwambia mtu aende akatibiwe na wakati huohuo kumnyang'anya kadi ya matibabu. Chuo cha Yale, baada ya kushtakiwa na wanafunzi mwishoni mwa 2022, kilibadili utaratibu Januari 2023, wanaoondoka kwa matibabu wakawa wanahesabiwa wako likizo badala ya wamejitoa, na hivyo waweze kubaki na bima ya chuo. Uliza kwenu ikoje. Huenda ukagundua kwamba nusu mzigo ndani ya Marekani, ukiwa na daktari wako uleule, ni bora kuliko mwaka Muheza bila daktari.

Na kama utarudi nyumbani, Muhimbili wapo madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, na tiba ya sonona siyo siri ya Wamarekani. Kwa wasomaji wangu wa hapa nyumbani nasema hili pia, kwa sababu naletewa barua zenu: Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inakihesabu kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Nasi tungefuata. Mtu anayeogopa polisi hatamwambia hata nesi. Wewe, mwanangu, kuwaza na kusema si kosa popote, usiwe na hofu ya uwanja wa ndege.

Wazazi waambie, na uwaambie kabla ya kikao. Sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974 inakiruhusu chuo kuwapigia wazazi kukiwa na dharura ya kiafya, na sitaki mama yako aisikie habari hii kwa Kiingereza cha mtu asiyemjua. Kama yupo baba mdogo au shangazi mnayeaminiana, mwambie yeye kwanza, aende nyumbani akae nao wakati unapiga.

Usianze na chuo wala na pesa. Anza hivi: "Baba, mama, nimeumwa, nililazwa, sasa nipo salama na ninakunywa dawa. Ugonjwa wenyewe ni sonona. Ulinifanya niwaze kufa, nikaomba msaada." Kisha nyamaza uwaache waulize. Mama akisema umerogwa, usibishane naye simuni. Mwambie akuombee dua, na wewe unakunywa dawa za hospitali, na kwamba hukubali kuacha dawa. Dua ya mama haigombani na kidonge. Kuhusu kiwanja, sema wewe kabla baba hajasema: "Najua ulichouza kwa ajili yangu, na ndiyo maana ilinichukua muda kuwaambia." Anaweza kukasirika. Anaweza kukaa kimya, na baba zetu wa kule wakikaa kimya siyo kwamba hawajasikia. Mpe siku mbili, kisha upige tena, hata kama yeye hajapiga.

Piga Jumamosi, saa tatu asubuhi ya huko, Muheza itakuwa jioni na wote wapo nyumbani. Huyo ndugu wa Kikenya awe chumbani.

Shangazi